Kukopa Harusi, Kulipa Matanga

Tarehe 5 Agosti, 2021, klabu ya Barcelona ya Hispania ilitangaza kwamba Lionel Messi, aliyeingia katika klabu hiyo mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 13, hataichezea tena. Baada ya siku 3 mchezaji huyo alisimama mbele ya waandishi wa habari akilia, na tarehe 10 ya mwezi huo huo akatia sahihi katika klabu ya Paris Saint-Germain. Alitaka kubaki. Klabu nayo ilitaka abaki, na pande zote mbili zilikwisha patana juu ya mshahara. Kilichozuia ni kanuni ya Ligi ya Hispania inayoweka kikomo cha fedha ambazo kila klabu yaruhusiwa kutumia juu ya wachezaji wake.

Tangu siku ile wako wapenzi wengi wa kandanda wanaoilaani kanuni hiyo. Wasema kwamba imemfukuza mchezaji bora nyumbani kwake, na kwamba kikomo cha mishahara ni silaha ya wenye fedha dhidi ya mchezaji, ambaye naye ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine. Shauri hili lastahili kupimwa kwa makini, kwani nusu yake ni kweli na nusu yake si kweli, na ile nusu isiyo kweli yalifunika kosa lenyewe. Sisi twasema hivi: kikomo cha mishahara, kikiwekwa kwa haki, humlinda mchezaji. Kilichomtoa Messi Barcelona ni mikataba mirefu iliyotiwa sahihi na viongozi ambao, siku ya kulipa ilipofika, hawakuwapo tena.

Kwanza yafaa msomaji ajue klabu yenyewe ni mali ya nani. Barcelona iliundwa mwaka 1899, na hata leo haina bwana mmoja wala wenye hisa. Mwaka 1990 Hispania ilipitisha sheria iliyovilazimisha vilabu vya wachezaji wa kulipwa kugeuzwa makampuni, lakini vilabu 4 vikaachwa mikononi mwa wanachama wake: Barcelona, Real Madrid, Athletic Bilbao na Osasuna. Wanachama wa Barcelona, ambao ni zaidi ya laki moja, hulipa ada, humchagua rais wao, na wana haki ya kumwondoa. Kwa hiyo deni la Barcelona si deni la tajiri fulani awezaye kulibeba peke yake. Ni deni la seremala, la mwalimu, la mwenye duka na la mstaafu, ambao baba zao waliwaandikisha uanachama walipokuwa watoto.

Sasa tukitazame kikomo chenyewe. Ligi ya Hispania ilianza kukitumia mwaka 2013, na sababu yake haikuwa chuki juu ya wachezaji. Katika miaka iliyotangulia vilabu vingi vilikuwa vikiahidi mishahara ambayo haviwezi kuilipa. Mwezi Agosti 2011 chama cha wachezaji wa Hispania kiliitisha mgomo, na mechi za juma la kwanza la ligi hazikuchezwa, kwa sababu wachezaji wapatao 200 walikuwa wakidai mishahara yao na hawapati. Wengi wa wachezaji hao walikuwa watu wa vilabu vidogo, wenye kodi ya nyumba na karo za watoto, ambao majina yao hayajulikani nje ya miji yao. Hao ndio waliokuwa wakiumia kila klabu ilipoandika katika mkataba tarakimu isiyo na fedha nyuma yake.

Hesabu ya kikomo hicho si ngumu. Ligi huchukua mapato ambayo klabu yatazamia kuyapata katika mwaka, huondoa gharama za kuendesha klabu nje ya mchezo, huondoa pia fedha za kulipia madeni, na kile kinachobaki ndicho klabu yaruhusiwa kutumia kwa timu. Ndani ya fungu hilo humo mishahara ya wachezaji na walimu wao, bahashishi za ushindi, gharama za timu za vijana, na sehemu ya mwaka ya bei waliyonunuliwa wachezaji. Klabu yenye mapato mengi hupewa kikomo kikubwa, na yenye mapato haba hupewa kidogo. Mchezaji mmoja mmoja hawekewi kiwango. Klabu ikitaka kumlipa mtu mmoja nusu ya fungu lote, ni shauri lake, mradi wengine nao wapate mishahara yao kwa wakati.

Lakini mfanyakazi ana haki ya kushuku asikiapo neno kikomo, maana historia ina mifano mibaya. Huko Uingereza, tangu mwaka 1901, wakubwa wa kandanda waliweka kima cha juu cha mshahara wa mchezaji, nacho kilikuwa pauni 4 kwa juma. Miaka 60 baadaye, viwanja vikiwa vimejaa makumi ya maelfu ya watazamaji wenye kulipa kiingilio, kima hicho kilikuwa kimefika pauni 20 tu kwa juma wakati wa msimu. Tena mkataba wa mchezaji ulipokwisha, klabu iliweza kumshikilia asiende kwingine hata kama haimlipi. Chama cha wachezaji, kikiongozwa na Jimmy Hill, kilitishia kugoma, na mnamo Januari 1961 kima hicho kikafutwa. Mwaka 1963 mchezaji George Eastham aliipeleka klabu yake ya Newcastle United mahakamani, na Jaji Wilberforce akaamua kwamba desturi ile ya kumshikilia mchezaji ilikuwa kizuizi kisicho halali juu ya kazi ya mtu.

Kima kile kilistahili kuanguka. Kiliwekwa na upande mmoja tu, kilimbana kila mchezaji peke yake, wala hakikuwa na uhusiano wowote na mapato. Kiwanja kikijaa au kikiwa kitupu, mchezaji alipata zile zile, na faida yote ikaenda kwa mwajiri. Hivyo ndivyo anavyodhulumiwa mfanyakazi wa kiwanda ambaye mashine mpya imezidisha kazi yake mara mbili na mshahara wake ukabaki pale pale.

Kikomo cha haki ni cha namna nyingine, na mfano wake mzuri watoka Marekani, katika ule mpira wao unaochezwa zaidi kwa mikono. Ligi ya NFL na chama cha wachezaji, baada ya miaka ya kushtakiana mahakamani, vilifanya mapatano mwaka 1993. Wachezaji walipata uhuru wa kuhama mikataba yao inapokwisha, na waajiri wakapata kikomo cha mishahara. Mwaka 1994 kikomo hicho kilikuwa dola milioni 34.6 kwa kila timu. Mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2. Kimepanda hivyo kwa sababu kimefungwa kwenye mapato ya ligi: mapatano ya mwaka 2020 yasema kwamba fungu la wachezaji halitapungua asilimia 48. Tena kuna kima cha chini ambacho timu haziruhusiwi kushuka chini yake, ili mwenye timu asijifanye maskini akatia fedha mfukoni. Mwaka 2021, mapato yalipoanguka kwa ajili ya ugonjwa wa korona, kikomo nacho kilishuka kutoka dola milioni 198.2 hadi 182.5, na wachezaji wakajua sababu kwa kuwa hesabu walikuwa nayo. Hapo mfanyakazi na mwajiri husoma daftari moja.

Baada ya kupambanua vikomo hivyo viwili, twarudi Barcelona tuone maji yalizidi unga wapi.

Mwezi Agosti 2017 Paris Saint-Germain ilimchukua Neymar kwa kulipa euro milioni 222, bei ambayo haikuwahi kusikika. Viongozi wa Barcelona wakajikuta na fedha nyingi mkononi na aibu kubwa usoni. Katika mwezi ule ule walimnunua kijana Ousmane Dembélé kutoka Borussia Dortmund kwa euro milioni 105 na nyongeza juu yake. Januari 2018 wakamnunua Philippe Coutinho kutoka Liverpool kwa milioni 120 na nyongeza vile vile. Julai 2019 wakamchukua Antoine Griezmann kutoka Atlético Madrid kwa milioni 120. Na mwezi Novemba 2017 walikuwa wamempa Messi mkataba mpya wa miaka 4 ambao, kama gazeti la El Mundo lilivyoufichua Januari 2021, uliweza kufika euro milioni 555 kabla ya kodi.

Hapa ndipo penye mtego wa mkataba mrefu, na twamwomba msomaji atufuate taratibu. Klabu ikimnunua mchezaji kwa milioni 120 na kumwandikia miaka 5, katika vitabu vya hesabu haiandiki milioni 120 mwaka wa kwanza. Huandika milioni 24 kila mwaka kwa miaka 5. Mwaka ule wa ununuzi kiongozi huonekana hodari: amemleta mchezaji wa sifa, na gharama iliyoandikwa ni ndogo. Lakini zile milioni 24 zitarudi mwaka wa pili, wa tatu, wa nne na wa tano, hata kama mchezaji ameumia goti, au ameshindwa kuelewana na mwalimu, au amekaa benchi. Na kama baada ya miaka 3 akiuzwa kwa milioni 20, klabu bado ina milioni 48 vitabuni ambazo hazijafutwa. Mwaka huo itabidi iandike hasara ya milioni 28 kwa mara moja.

Mambo ya Coutinho yalikwenda karibu na hivyo. Hakupata nafasi yake katika timu, akaazimwa kwa Bayern Munich, na tarehe 14 Agosti, 2020, Bayern ilipoifunga Barcelona mabao 8 kwa 2 katika Kombe la Ulaya, mabao 2 kati ya hayo aliyatia Coutinho. Barcelona ilifungwa na mchezaji ambaye bei yake bado ilikuwa ikihesabiwa katika vitabu vyake yenyewe. Mwaka 2022 aliuzwa kwa Aston Villa kwa kiasi cha milioni 20 hivi.

Fedha za namna hii zikipangwa kwa miaka mingi, zikajumlika na mishahara inayopanda kila mwaka, klabu huwa kama mtu aliyekopa kwa wenye maduka sita ya mtaa mmoja. Kila duka peke yake lamwona mteja mwema. Siku mvua isiponyesha, wote sita hubisha hodi asubuhi moja.

Mvua haikunyesha mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulifunga viwanja, mapato ya viingilio yakakatika, na wageni waliokuwa wakimiminika katika makumbusho ya klabu hawakuja tena. Yatupasa kusema kweli kwamba wachezaji hawakukaa kando. Mwezi Machi 2020 walikubali kupunguziwa mishahara yao kwa asilimia 70 wakati wa hali ya hatari, na juu ya hayo wakachanga ili watumishi wengine wa klabu wapate mishahara yao kamili. Wachezaji waliwakumbuka wafagiaji na makarani, na jambo hilo lastahili heshima ya kila mfanyakazi.

Lakini viongozi walifanya nini? Tarehe 20 Oktoba, 2020, klabu ilitangaza mikataba mipya kwa wachezaji 4: Gerard Piqué hadi 2024, Marc-André ter Stegen hadi 2025, Clément Lenglet na Frenkie de Jong hadi 2026. Kwa kipindi kile kigumu mishahara yao ilipunguzwa, na kilichopunguzwa kikasukumwa katika miaka ya mbele. Wakati huo wanachama zaidi ya 20,000 walikuwa wamekwisha tia sahihi kutaka kura ya kutokuwa na imani na Rais Josep Maria Bartomeu. Tarehe 27 Oktoba, siku 7 baada ya tangazo lile, rais huyo akajiuzulu pamoja na halmashauri yake. Hatusemi kwamba alivunja sheria kwa mikataba hiyo. Twasema kwamba haifai uongozi unaoondoka jioni uandike ahadi za miaka 6 asubuhi, wakati wenye kuzilipa wako mlangoni wakiomba kusikilizwa.

Matokeo yake yaonekana katika tarakimu za Ligi yenyewe. Kikomo cha Barcelona katika msimu wa 2019/20 kilikuwa euro milioni 671. Msimu uliofuata kikawa milioni 383 hivi. Msimu wa 2021/22 kikaanguka hadi milioni 98. Mwanzoni mwa mwaka 2022 kikaandikwa chini ya sifuri, milioni 144 kasoro. Rais mpya Joan Laporta, aliyechaguliwa Machi 2021, alieleza Agosti ile kwamba hata bila Messi mishahara ingekula asilimia 95 ya mapato, na kwamba deni lote lilikuwa limefika euro milioni 1,350. Kwa kuwa klabu ilikuwa imepita kikomo, kanuni iliiruhusu kutumia euro moja tu kwa kila 4 ilizopunguza. Messi mwenyewe alikubali kupunguza mshahara wake kwa nusu, na malipo ya miaka 2 yakapangwa kulipwa kwa miaka 5. Haikusaidia. Alikuwa amefika mwisho wa foleni, na waliotangulia walikuwa wamekwisha maliza chakula.

Wako watakaosema: nani angeweza kubashiri ugonjwa ule? Jawabu liko Madrid. Real Madrid nayo ni klabu ya wanachama, ilipatwa na ugonjwa ule ule, na uwanja wake ulifungwa vile vile. Wachezaji wake walikubali kupunguza mishahara, na katika kiangazi cha 2020 klabu haikununua mchezaji hata mmoja. Msimu wa 2021/22, Barcelona ilipopewa milioni 98, Real Madrid ilipewa kikomo cha milioni 739. Dhoruba ilikuwa moja. Merikebu moja ilikuwa imejazwa shehena hadi ukingoni kabla ya kung'oa nanga, na nyingine haikujazwa hivyo.

Wengine watasema kwamba shida hizi ni za mamilionea, zamhusu nini mfanyakazi? Twawajibu kwa jambo la Frenkie de Jong. Kijana huyu alikubali mwaka 2020 kungoja sehemu ya mshahara wake ili kuisaidia klabu. Ilipofika 2022, wakati wa kulipwa alichokingoja, klabu ile ile ikamwona mzigo, ikamtaka apunguze mshahara au ahame. Alikataa, akabaki, na alikuwa na haki. Mfanyakazi yeyote aliyewahi kuambiwa na mwajiri, "Subiri mwezi ujao, tuko pamoja," na mwezi ujao akaambiwa kwamba yeye ndiye sababu ya kampuni kuanguka, ataielewa habari hii bila kufasiriwa. Tofauti ni kwamba de Jong alikuwa na mawakili na magazeti ya dunia nzima. Mchezaji wa klabu ndogo, au mfanyakazi wa bohari, hana.

Lenglet naye alipata yake. Mkataba wake ulikuwa hadi 2026, lakini kuanzia 2022 aliazimwa Tottenham, kisha Aston Villa, kisha Atlético Madrid, mwaka baada ya mwaka, kama jembe linalozunguka mtaa mzima. Mkataba mrefu ulikuwa umempa mshahara, lakini ulimnyima makao, maana hakuna klabu nyingine iliyotaka kuurithi kama ulivyo.

Kisha ikaja dawa iliyo karibu na ugonjwa wenyewe. Katika kiangazi cha 2022 Barcelona iliuza asilimia 25 ya haki zake za televisheni katika Ligi kwa miaka 25, kwa kampuni ya Kimarekani ya Sixth Street. Asilimia 10 za kwanza zilileta euro milioni 207.5. Kikomo kikaruka hadi milioni 656 mwezi Septemba mwaka huo, na wachezaji wapya wakanunuliwa. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2023, kikomo kilikuwa kimerudi milioni 270, kwani shamba likiuzwa mara moja haliuzwi mara ya pili. Mtoto atakayezaliwa na mwanachama mwaka 2022 atakuwa na umri wa miaka 25 kabla fungu lile la televisheni halijarudi lote katika klabu yake. Na shida haikwisha: mwanzoni mwa Januari 2025 mchezaji Dani Olmo, aliyenunuliwa Agosti 2024, alijikuta hana leseni ya kucheza kwa kuwa hesabu za klabu hazikuwa zimekubaliwa kwa wakati. Ilibidi apate ruhusa ya muda kutoka kwa baraza la michezo la serikali. Mtu ana mkataba, ana afya, ana viatu miguuni, na hana ruhusa ya kufanya kazi yake.

Tusidhani kwamba Barcelona peke yake ndiyo iliyonaswa. Huko Marekani, penye kikomo tulichokisifu, timu ya Denver Broncos ilimwongezea Russell Wilson miaka 5 mnamo Septemba 2022. Machi 2024 ikamwachisha, kabla hajacheza hata mechi moja ya miaka ile iliyoongezwa, na ikabaki na mzigo wa dola milioni 85 ndani ya kikomo chake cha 2024 na 2025 kwa mtu asiyekuwapo. Huko Uingereza, Chelsea ilimwandikia Mykhailo Mudryk miaka 8 na nusu mnamo Januari 2023 ili bei yake igawanywe kwa miaka mingi ionekane ndogo. Shirikisho la kandanda la Ulaya likaona hila hiyo, likaamuru katika mwaka ule kwamba bei isigawanywe kwa zaidi ya miaka 5, na Desemba 2023 vilabu vya Ligi Kuu ya Uingereza vikapiga kura kufuata kanuni hiyo. Kwa hiyo kikomo peke yake hakitoshi. Kikomo hulinda mwaka mmoja, lakini mkataba mrefu huruka ukuta wa mwaka huo na kwenda kukaa katika miaka ambayo hakuna anayeitazama.

Basi nini kifanywe? Hatusemi mikataba mirefu ifutwe. Mkataba mrefu ni ngao ya mchezaji siku anapovunjika mguu, na kuuondoa ni kumrudisha katika kibarua cha kutwa. Twasema mambo manne.

La kwanza, kikomo cha mishahara kipatanwe mezani kati ya vilabu na chama cha wachezaji, kifungwe kwenye mapato, na kiwe na kima cha chini kama kilivyo na kima cha juu. Kikomo kilichoandikwa na mwajiri peke yake kitakuwa kile cha Waingereza cha kabla ya 1961, hata kikivishwa kanzu mpya.

La pili, kila mwaka wanachama wasomewe madeni ya mikataba kwa miaka yote inayokuja, mwaka kwa mwaka: mwaka ujao twadaiwa kiasi gani, na mwaka wa tano kiasi gani. Mizania ya mwaka mmoja haimwambii mwanachama chochote juu ya mzigo uliosukumwa mbele. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenye ukurasa mmoja tu halitoshi.

La tatu, mikataba isiishe yote kwa pamoja wala isipande yote kwa pamoja. Klabu yenye busara huwa na wachezaji ambao mikataba yao yaisha kila mwaka, ili kila mwaka iwe na nafasi ya kupumua, na hulea vijana wake ili isilazimike kwenda sokoni kila inapotiwa aibu na klabu nyingine.

La nne, na ndilo kubwa, anayetia sahihi ajibu. Ile sheria ya Hispania ya 1990 ilikuwa na sharti jema: viongozi wa vilabu vya wanachama waweke dhamana ya asilimia 15 ya makisio ya matumizi. Sharti hilo halikutosha kuizuia hasara ya Barcelona, lakini badala ya kulitia nguvu, sheria mpya ya Desemba 2022 ililiondoa. Sisi twaona huko ni kurudi nyuma. Uongozi ulio katika mwaka wake wa mwisho usiruhusiwe kuahidi malipo yatakayoanguka baada ya muda wake bila mkutano wa wanachama kuarifiwa na kukubali. Na ahadi ikikwisha tolewa, mchezaji alipwe hadi senti ya mwisho, kwa maana yeye hakujiandikia mkataba.

Mambo haya hayako mbali nasi. Yanga iliyoundwa mwaka 1935, na Simba iliyoundwa mwaka 1936, zilianzishwa na wanachama, na zingali zikipendwa kwa mapenzi ambayo fedha haiwezi kuyanunua. Mapenzi hayo ni mali, na ni hatari pia. Mpenzi wa timu husikia jina la mchezaji mpya na moyo wake hujaa, wala hapendi kuuliza bei. Wanachama wa Barcelona nao walishangilia mwaka 2017 na 2018 wachezaji wapya walipooneshwa uwanjani, na ni wachache waliouliza ni nani atakayekuwa akilipa mwaka 2021. Ndugu mwanachama, siku kiongozi wako atakapokuletea mchezaji wa miaka 5, mpigie makofi mchezaji, maana hana kosa. Kisha mgeukie kiongozi umwulize mshahara wa mwaka wa tano utatoka wapi, na usiketi mpaka amekujibu.